Bakapu ya VM ni kijani kila siku lakini imeili moja imegoma kurudi, tatizo liko wapi?

#1 fundi_wa_upanga
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, nina siku ya tatu silali vizuri. Ofisini tuna seva ya barua pepe ya Exchange 2019 ndani ya VM (kompyuta ya kuigwa ndani ya seva), haipavaiza (programu inayoziendesha VM) ni VMware, meilboksi kama 140, databesi iko diski D na logi zake (mafaili yanayoandika kila badiliko) ziko diski L. Kila usiku saa 5 programu ya bakapu inachukua VM nzima, ripoti inakuja asubuhi kijani, nimeizoea kama salamu. Sasa dada wa uhasibu tarehe 17 Septemba, Jumatano asubuhi, alifuta folda nzima ya barua za wazabuni kwa sababu meilboksi ilikuwa inamwambia imejaa. Wakaguzi wamekuja juzi wanataka barua moja iliyoingia Jumanne tarehe 16, ina kiambatisho cha LPO (hati ya oda ya manunuzi) iliyorekebishwa. Nikasema hamna shida, bakapu za kila siku tunatunza siku 90. Nimefungua ya Jumanne usiku kwenye kile kifaa cha kutoa barua mojamoja, ikagoma. Inasema databesi iko Dirty Shutdown na logi hazijatimia. Nikajaribu ya Jumatatu, vilevile. Ya Alhamisi, vilevile. Hivi inawezekanaje ripoti iwe kijani miezi yote hiyo halafu ndani hamna kitu?

#2 kijana_wa_nyama
Pole mkuu. Umecheki Recover Deleted Items kwenye Outlook yake kwanza? Mara nyingi watu wanakimbilia bakapu wakati barua bado imelala kwenye seva.

#3 fundi_wa_upanga
@kijana_wa_nyama nimecheki. Siku 14 za kawaida zilishapita, tumekuja kuambiwa mwezi umeisha. Sikuwahi kuongeza huo muda, na hilo najuta.

#4 Bi_Seva
Hilo ni jibu rahisi, VSS (huduma ya Windows inayogandisha data ili bakapu itoke safi) imefeli. Exchange ikishaambiwa igandishe maandishi ili snapshoti (picha ya diski ya wakati mmoja) ipigwe, inavumilia sekunde 20 tu halafu inaachia. Kama stoo yako ya diski ni nzito au VM ina kazi nyingi, sekunde 20 zinapita snapshoti haijakamilika, na programu nyingi zina kitufe kinachosema ikishindikana endelea hivyohivyo. Kikiwa kimewashwa unapata bakapu ya mashine kama vile umeme umekatika ghafla, na ripoti inakuja kijani au labda njano kidogo ambayo hakuna anayeisoma. Ndo maana unaona Dirty Shutdown. Fungua CMD kama admin andika vssadmin list writers, uangalie Microsoft Exchange Writer iko Stable au imeandika kosa.

#5 mzee_wa_tepu
Bi Seva nakuheshimu sana ila hapo kwenye Dirty Shutdown nikusahihishe. Databesi ya Exchange ikichukuliwa ikiwa hai, hata VSS ikifanya kazi yake sawasawa, itaonekana Dirty Shutdown. Hiyo ni hali ya kawaida kabisa, maana yake kuna miamala iko kwenye logi haijaingizwa kwenye faili la edb, ndilo databesi yenyewe. Kifaa cha kurudisha barua kinachofanya ni kuzisoma zile logi kwanza, databesi inakuwa safi, ndo kinakuonyesha meilboksi. Kwa hiyo neno Dirty lisimtishe kijana, kinachotakiwa kumtisha ni hilo la pili, logi hazijatimia. Mkuu hebu toa faili la edb kwenye bakapu uliweke kwenye diski nyingine, kisha piga eseutil /mh (amri ya Exchange ya kukagua databesi) na jina la faili, utuwekee hapa mstari wa Log Required.

#6 Bi_Seva
Nimekubali mzee, nimeandika haraka. Lakini hoja ya VSS naishikilia.

#7 fundi_wa_upanga
Asante mzee. Imetoa hivi:
State: Dirty Shutdown
Log Required: 4512-4530 (0x11a0-0x11b2)
Kwenye folda ya logi ya bakapu ileile nimetafuta 4512 mpaka 4530, sijaona hata moja. Zote 19 hazipo!

#8 mtoto_wa_Ngarenaro
Mkuu usilie kwanza 😀 majina ya logi hayaandikwi kwa namba zetu za kawaida, ni heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16). Tafuta E00000011A0.log mpaka E00000011B2.log. Mimi nilishalala ofisini usiku mzima Arusha kwa kosa hilohilo, asubuhi mwenzangu akaja akaniambia kwa dakika moja.

#9 fundi_wa_upanga
Aisee @mtoto_wa_Ngarenaro Mungu akubariki. Zipo. Zinaanza 11A0 zinakwenda mpaka 11AE, baada ya hapo kuna E00.log tu. Kwa hiyo zinakosekana 11AF, 11B0, 11B1 na 11B2.

#10 mzee_wa_tepu
E00.log ndiyo logi inayoandikwa sasa hivi, haijapewa namba kwenye jina mpaka ijae, na ikijaa ni MB 1 tu kwa kila moja. Piga eseutil /ml kwenye hiyo E00.log, itakuambia lGeneration yake, yaani namba yake. Ikisema 0x11B2 basi umepoteza tatu za katikati. Ikisema 0x11AF basi ni habari nyingine kabisa.

#11 fundi_wa_upanga
Imesema 0x11AF.

#12 mzee_wa_tepu
Basi sikiliza. Diski ya logi imepigwa picha MAPEMA kuliko diski ya databesi. Logi zilikuwa zimefika 11AF, databesi ikaendelea kuishi mpaka 11B2, ndo ikapigwa picha yake. Hakuna kilichofutwa hapo, ni picha mbili za nyakati mbili. Swali langu: hiyo diski L ni VMDK (faili la diski la VMware) ya kawaida ndani ya VM, au ni LUN ya iSCSI (diski ya mbali inayokuja kwa mtandao) imeunganishwa kutoka ndani ya Windows? Kama ni iSCSI ya ndani, au ni diski imewekwa independent, snapshoti ya VMware haiigusi kabisa, na mtu aliyekutangulia huenda alitengeneza kazi ya pili ya kuinakili pembeni.

#13 Bi_Seva
Mzee hiyo pia inaingia kwenye ya kwangu. VSS ikifeli, bakapu inakuwa ya kukatika umeme.

#14 mzee_wa_tepu
Hapana dada, ndo ninapokataa. Exchange inaandika kwenye logi KABLA ya kuandika kwenye databesi, siku zote. Ukichomoa umeme ghafla na diski zote mbili zikaganda kwa wakati mmoja, logi lazima ziwe mbele ya databesi au sawa nayo, haiwezekani databesi iwe inaijua 11B2 wakati logi ziko 11AF. Kwa hiyo hata bakapu mbovu ya kukatika umeme ingefunguka kama diski zingepigwa pamoja. Hapa hazikupigwa pamoja.

#15 Bi_Seva
Kwenye karatasi ni sawa mzee, lakini ulishawahi kuona kontrola ya diski yenye kashe ambayo betri yake imekufa? Inaiambia Windows nimeandika wakati haijaandika. Mpangilio huo wa logi kwanza unavunjika. Na ofisi nyingi huku tuna UPS zimechoka. Mimi nimeyaona haya mwenyewe, sijasimuliwa.

#16 kijana_wa_nyama
Mimi naongeza ya tatu. Antivirusi. Mkuu umeweka msamaha (yaani isizikague) kwa folda za Exchange? Ile edb, folda za logi, na michakato yake yenyewe. Kama hujaweka, antivirusi inaingia kwenye logi katikati ya usiku, inashika faili, wakati mwingine inalipeleka karantini kabisa. Ofisi niliyokuwa mwanzo ilipoteza logi mbili hivyo, na siku tuliposhusha databesi ikakataa kupanda.

#17 mtoto_wa_Ngarenaro
Halafu mkuu kuna bakapu ya pili inapita humo humo? Windows Server Backup labda mtu aliiweka zamani akasahau. Zikigongana VSS mbili saa moja, moja inaanguka, halafu ile nyingine inafagia logi.

#18 mzee_wa_tepu
@mtoto_wa_Ngarenaro kugongana ni kweli kunatokea. Kufagia hapana. Exchange ikifagia logi baada ya fuli bakapu (bakapu kamili) inaondoa zile ambazo databesi haizihitaji tena, zile za Log Required haiwezi kuzigusa. Na hapa zilizokosekana ni za mwisho, fagio linaanza na za mwanzo.

#19 Lamu_Net
Hamjambo waungwana. Mimi niko Mombasa, nasoma tu nasikitika. Sisi hapa seva ya barua ni Dovecot na Maildir, kila barua ni faili lake. VM iko Proxmox (haipavaiza nyingine), bakapu inaingia Proxmox Backup Server, mtu akifuta barua nafungua bakapu kwenye kivinjari, naingia folda ya mtu, nachukua faili moja, narudisha kwenye cur, nahakikisha mmiliki wa faili ni vmail (akaunti ya seva ya barua), basi. Dakika tano. Kwa nini mnajitesa na logi?

#20 Bi_Seva
@Lamu_Net kurudisha ni rahisi, kuipata je? Majina ya mafaili ya Maildir ni namba ndefu za wakati na jina la seva. Bosi akikuambia nataka barua ya yule mzabuni, unafanyaje?

#21 Lamu_Net
Grep bibie, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili 😄 Lakini kweli, vichwa vya barua vikiwa vimeandikwa kwa msimbo wa base64 grep haioni kitu. Hapo namuomba mtu aniambie tarehe, natazama mafaili ya siku hiyo. Na jambo jingine, faili likiwa na herufi T mwisho wa jina, baada ya ile :2, maana yake limewekewa alama ya kufutwa, usipoiondoa barua inarudi ikiwa bado ina ile alama.

#22 mtoto_wa_Ngarenaro
Na watu wa Zimbra (seva nyingine ya barua) msije mkadhani ni hivyohivyo. Zimbra nayo kila barua ni faili la .msg kule /opt/zimbra/store, lakini orodha ya nini kiko folda gani iko kwenye databesi ya MariaDB. Ukirudisha faili peke yake halionekani popote. Nilifanya hivyo, nikakaa namsubiri mteja aone barua, haikuonekana. Njia iliyonisaidia ni kuiwasha VM ya bakapu kwenye mtandao wake peke yake bila kuunganishwa nje, kisha kutoa folda kwa amri ya zmmailbox kama tgz (faili lililobanwa) na kuiingiza kwenye seva hai. Mtandao lazima utengwe, maana ile VM ikiamka ikaona intaneti itaanza kutuma barua zilizokuwa kwenye foleni siku ile, na wateja watapokea mara mbili.

#23 cloud_255
Jamani haya yote ya nini, hamieni Microsoft 365. Exchange 2019 yenyewe msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025.

#24 kijana_wa_nyama
@cloud_255 na huko pia barua ikifutwa kwenye Deleted Items unabaki na siku 14, ukiongeza mwisho ni 30. Bila sera ya kuhifadhi au bakapu ya pembeni, dada wa uhasibu angefuta Septemba na leo tungekuwa hapahapa.

#25 cloud_255
Sera ya kuhifadhi ni kubofya mara tatu tu.

#26 kijana_wa_nyama
Kama ulibofya kabla, ndiyo.

#27 wakili_mtandaoni
Samahani naingilia, mimi si mtu wa seva. Huyo dada wa uhasibu anajua kwamba meilboksi yake inafunguliwa? Nauliza kwa sababu kifaa kama hicho kikikubali kitaonyesha barua ZAKE ZOTE, na za watu wote 140, pamoja na za daktari wake na za mkopo wake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Barua moja ikitakiwa, itafutwe hiyo moja, kwa maandishi ya aliyeagiza, na irudishwe kwake yeye kwanza. Nimeona ofisi inatoa PST (faili la barua za Outlook) lenye barua zote za mtu inaweka kwenye folda ya wote, kila mtu anasoma. Inaumiza sana.

#28 fundi_wa_upanga
@wakili_mtandaoni asante kwa hilo, naye anajua, tuko naye meza moja na yeye ndiye ana wasiwasi kuliko wote. Ila maandishi sina, nitaomba kesho.

Sasa majibu kwa wengine. Mzee, diski L ni VMDK ya kawaida, si iSCSI, si independent, nimeangalia mara mbili. LAKINI iko datastore (stoo ya VMware) tofauti na D, iliongezwa baadaye nafasi ilipoisha, na nimegundua kwenye programu kuna kazi MBILI za usiku, moja imeandikwa VM bila L, ya pili imeandikwa L peke yake, inaanza dakika 10 kabla. Aliyeiweka ameshaondoka. Bi Seva, Exchange Writer iko Stable leo, ila kwenye Event Viewer ya Septemba kuna makosa ya VSS usiku mara kadhaa. @kijana_wa_nyama msamaha wa antivirusi upo kwa D. Kwa L haupo.

#29 mzee_wa_tepu
Umeshajijibu. Kazi mbili, dakika 10 tofauti. Kesi imekwisha.

#30 Bi_Seva
Haijaisha mzee. Makosa ya VSS ya Septemba ni ya nini basi?

#31 kijana_wa_nyama
Na antivirusi ilikuwa inatembea kwenye L bila msamaha, hiyo nayo tuiache?

#32 mzee_wa_tepu
E00.log ni nzima na inasema 11AF. Antivirusi ingeacha mashimo katikati, haiwezi kurudisha saa nyuma.

#33 fundi_wa_upanga
Wakuu kuna jipya. Nimejaribu bakapu za Jumamosi. ZOTE zinafunguka! Ya tarehe 13 Septemba imefunguka bila kelele, logi zimesomwa, nimeiona folda ya wazabuni yote, nimerudisha barua 212 kwenye meilboksi yake, dada kalia machozi. Nimebaki na ile moja ya Jumanne 16, maana Jumamosi ilikuwa haijaingia.

#34 Bi_Seva
Hongera sana! Na unaona sasa? Jumamosi usiku hakuna watu, Exchange imetulia, sekunde 20 zinatosha. VSS.

#35 mzee_wa_tepu
Hongera kijana. Jumamosi ni kazi gani inapita? Naweka dau ni fuli ya VM nzima na L ikiwa ndani.

#36 fundi_wa_upanga
Ndiyo mzee, Jumamosi ni kazi ya tatu, fuli, VM nzima.

#37 kijana_wa_nyama
Na skani ya antivirusi imepangwa siku gani?

#38 fundi_wa_upanga
...Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 5 usiku.

#39 kijana_wa_nyama
Asante. Sina la kuongeza.

#40 Lamu_Net
Hapo kila mtu kapata ushahidi wake 😄

#41 mtoto_wa_Ngarenaro
Fanya jaribio mkuu, usibadilishe vyote kwa pamoja. Kesho unganisha kazi mbili ziwe moja tu, antivirusi iache ilivyo, VSS iache. Ukibadilisha vitatu usiku mmoja ikapona hatutajua kamwe kilichoiponya.

#42 Bi_Seva
Kwa jaribio sawa, lakini wakati huohuo meilboksi 140 hazina bakapu ya katikati ya wiki. Mimi ningebadilisha vyote leo usiku, na kile kitufe cha endelea hivyohivyo ningekizima ili kazi ianguke na iwe nyekundu. Ubishi utasubiri.

#43 mama_wa_helpdesk
Nimesoma uzi wote. Ile barua ya Jumanne, mnasumbuka na seva tu. Huyo dada alikuwa anatumia kompyuta gani siku hiyo? Kama Outlook iko kwenye kashe, kuna faili la OST, yaani nakala ya meilboksi, kwenye laptop.

#44 mtoto_wa_Ngarenaro
OST imeshasinki, folda ilifutwa na huko pia.

#45 fundi_wa_upanga
Subirini. Jumatano ile alipofuta folda ndo siku tulikuwa tunamwekea laptop MPYA. Ya zamani aliitumia mpaka Jumanne jioni. Iko stoo, haijawashwa tangu siku hiyo.

#46 mama_wa_helpdesk
Basi usiiunganishe mtandao! Chomoa waya, zima Wi-Fi kabla ya kuingia, na kama kuna kitufe cha Wi-Fi pembeni kizime kabla hata ya kuiwasha. Ingia kwa akaunti yake yeye, passwadi ya siku ile, Outlook ifunguke bila mtandao na profaili yake ya zamani, tafuta barua, toa hiyo moja kama PST kwenye flashi. Ikigusa mtandao sekunde chache tu itasinki na folda inaondoka mbele ya macho yako. Ilinitokea, kwa barua za marehemu, familia walikuwa wanazihitaji.

#47 wakili_mtandaoni
Na yeye mwenyewe awepo wakati laptop inafunguliwa.

#48 fundi_wa_upanga
Atakuwepo. Ufunguo wa stoo anao mzee wa vifaa, yuko msibani Singida, anarudi Jumatatu. Usiku huu nimeunganisha kazi mbili kuwa moja na nimezima kile kitufe. Antivirusi sijaigusa bado.

#49 mzee_wa_tepu
Kesho asubuhi usitazame rangi. Toa edb, piga /mh, piga /ml kwenye E00, weka namba zote mbili hapa.

#50 Bi_Seva
Na Event Viewer ya saa 5 mpaka saa 6, VSS zote. Mzee sijaondoka, niko hapa.